Hakuna Aliyekufa

Mimi sipendi maandamano. Naomba hilo lijulikane mapema, kwa sababu picha yangu ilitoka gazetini nimesimama na Orpha Toler, nimeshika shada la maua ya karatasi, na tangu siku hiyo watu wananiita mwanaharakati. Mwanaharakati gani! Mimi ni Denzil Harless, mchimba makaa mstaafu. Mapafu yangu yamejaa vumbi la mgodi, na nikipanda ngazi kumi lazima nikae kitako kwanza. Kwenye maandamano yale mimi niliendesha gari tu, na hata hilo nililiharibu, kama mtakavyosikia.

Mtu wa kusimuliwa ni Orpha. Amezaliwa bondeni kwetu, Lick Fork, kwenye milima ya Apalachia, ambako jua la asubuhi linafika saa nne kwa jinsi milima ilivyotubana. Amewapikia watoto wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Mtu mzima yeyote utakayemkuta huku ameshakula maharage na mkate wa mahindi wa Orpha, na ameshafokewa naye. Ana mwili mdogo, mikono mikubwa, na sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

Mume wake, Hobert, alikwenda Ohio mwaka ambao migodi ilisimama. Alikwenda kutafuta kazi ya kiwandani. Kazi akapata, na mwanamke mwingine akapata, na huku hakurudi tena. Walikuwa na mtoto mmoja, Dreama. Alikufa na miaka minne, kwa homa ya uti wa mgongo, theluji imefunga barabara na gari la wagonjwa limekwama chini kule kwenye daraja. Tulimzika juu kwenye Mgongo wa Toler, kwenye makaburi ya familia zetu. Ardhi ilikuwa imeganda, tukawasha moto wa kuni juu yake tangu alfajiri ndipo ikachimbika. Sepetu nilishika mimi. Orpha alisimama pale muda wote, hakulia, na mimi nikamwogopa kidogo siku ile.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Mei, watu wa huku hupanda makaburini. Tunafyeka, tunainua mawe yaliyolala, tunaweka maua, halafu tunatandika vitambaa tunakula hapo hapo na marehemu wetu. Huko juu pana makaburi ishirini na saba. Wazazi wangu wapo, na kaka yangu Ferrell. Maua halisi hayadumu, kwa hiyo wanawake wanayatengeneza wakati wa baridi kwa karatasi laini za rangi, kisha wanayachovya kwenye nta ili mvua isiyaharibu.

Sasa kampuni ya makaa, Tarrick, ikanunua mlima mzima, juu na chini, isipokuwa kile kijisehemu cha makaburi. Wakaweka geti. Ili umtembelee marehemu mama yako, jaza fomu siku kumi kabla, kaa kwenye somo la usalama saa nzima, kisha vaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa. Mimi nimemwona Orpha kwa macho yangu akipalilia kaburi la mtoto wake amevaa kofia ngumu. Damu ilinichemka, lakini nikanyamaza. Nilikuwa nimekula mshahara wa kampuni ile miaka ishirini na sita, na mtu akikulisha miaka yote hiyo unazoea kufunga mdomo.

Miaka minane iliyopita, mwezi wa Februari, mkutubi wetu Verlie Cantrell alikuja kanisani na karatasi. Alikuwa amechapisha mswada uliokuwa mbele ya bunge la jimbo. Ulisema makaburi yoyote ambamo hajazikwa mtu kwa miaka arobaini yahesabiwe kuwa yametelekezwa, na mwenye ardhi inayoyazunguka anaweza kuyahamisha baada ya kutangaza gazetini kwa mwezi mmoja. Kule juu hatujazika mtu tangu geti liwekwe, na kabla ya hapo vijana walikuwa wameshaanza kuzikwa mjini; miaka arobaini ilikuwa imeshatimia.

"Yahamishiwe wapi?" Orpha akauliza.

"Haijasemwa."

"Na hii sheria ya nani?"

Verlie akageuza karatasi. Chini ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la ofisi ya mawakili. Mtu alikuwa amesahau kulifuta. Kila mmoja wetu alilijua jina lile, maana ndilo lililokuwa juu ya barua zote za Tarrick kuhusu geti. Wakili wa kampuni ameandika sheria, mbunge ameichukua neno kwa neno, akaipeleka bungeni kama yake. Na mbunge mwenyewe si wa mbali. Ni Lowell Estep, mtoto wa hapa hapa, ambaye mabango yake ya kampeni yalibandikwa kwenye malori ya Tarrick.

"Wamewatia wabunge mfukoni, basi," nikasema. "Kawaida yao. Kuna jipya gani?"

Orpha akanitazama mpaka nikaona aibu ya bure. "Jipya ni kwamba wanamtaka mwanangu," akasema.

Akatangaza kwamba atakwenda mji mkuu kwa miguu. Kamati ya bunge ingewasikiliza wananchi Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Machi. Unajiandikisha mwenyewe huko huko, unapewa dakika mbili. Mwisho wa kujiandikisha ni saa sita mchana, siku hiyo hiyo. Kutoka kwetu ni mwendo wa siku tano.

"Kwa gari ni saa mbili kasoro," nikamwambia. "Una miaka sitini na tisa, Orpha. Unataka kumwonyesha nani?"

"Wale wanaopita na magari."

Tukapatikana kumi na mmoja. Wanawake saba, wanaume wanne, mdogo wetu ana miaka hamsini na mbili. Verlie alishauri tubebe mashada ishirini na saba, moja kwa kila kaburi, kila shada na utepe wenye jina la marehemu na miaka yake. Hayo maua yalikuwa tayari kwa ajili ya Mei.

Ndipo ikaja habari ya gari. Polisi wa wilaya walisema hatuwezi kutembea kwenye barabara ya malori bila gari la kutangulia, lenye taa zinazomweka juu ya paa. Gari langu lilikuwa limekufa gia. Mpwa wangu Carlis anafanya kazi kwenye nyumba ya maziko, na nyuma ya jengo wana gari la zamani jeusi, lile la kuongoza msafara wa mazishi. Lina taa ya zambarau juu. Nikaliazima. Nilifurahi kweli, nikaona nimewaokoa. Kumbukeni tu kwamba huku kwetu hakuna aliye na haraka kuliko maiti. Msafara wa mazishi ukipita, kila gari linakaa pembeni, linalokwenda na linalokuja, na wanaume wanavua kofia. Hata mlevi anasimama. Tumelelewa hivyo. Na mimi, Denzil, niliyelelewa hapo hapo, nikawasha taa ya zambarau mbele ya watu kumi waliobeba mashada, na wala haikunipitia akilini. Akili zangu zilikuwa kwenye gia.

Hatujafika maili mbili, likatokea lori la makaa, limejaa, linakuja mbio. La Tarrick. Nikakaza usukani, nikijua tutapigiwa honi na kumwagiwa matusi. Lori likapunguza mwendo, likaingia pembeni, likasimama. Dereva akavua kofia akaiweka kifuani. Nyuma yake lori la pili likasimama, na la tatu, na basi la shule, na mwanamke mmoja na gari dogo akashuka kabisa akainamisha kichwa.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikashusha kioo. "Orpha! Ona! Malori ya Tarrick yamesimama kwa ajili yetu! Miaka ishirini na sita sijaona kitu kama hiki!"

Orpha hakucheka. Aliangalia taa juu ya paa, akaangalia mashada, akaelewa. Uso ukamshuka.

"Zima hiyo taa, Denzil."

"Siwezi. Polisi wamesema imweke muda wote."

"Watu hawa wanadhani kuna msiba."

"Waache wadhani! Kuna anayeumia?"

Akanipa mgongo, akavuka barabara na shada lake mkononi hadi kwa dereva wa lori la kwanza. Nilisikia kila neno, maana Orpha hana sauti ya chini. Dereva alikuwa kijana wa ndevu nyekundu.

"Poleni sana na msiba, mama," akasema. "Marehemu ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Asante, lakini hakuna aliyekufa. Tunaandamana kwenda bungeni."

"Kuandamana?" Kijana akaangalia kofia mkononi. "Kumpinga nani?"

"Mwajiri wako."

"Yesu wangu! Nimevua kofia kwenye baridi hii kwa ajili ya maandamano?"

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia. Ivae, utapata mafua."

Kijana akaivaa, akasema maneno ambayo sitayarudia, akaondoa lori kwa hasira mpaka matope yakamrukia Orpha gauni zima. Orpha akajifuta, akaenda kwa lori la pili. Hakuna aliyekufa. Kisha la tatu. Kisha basi la shule. Kisha yule mwanamke, ambaye alikuwa ameshaanza kulia.

Ikawa hivyo siku nzima. Kila maili moja, watu wanasimama, Orpha anavuka, anawaeleza. Wengine walicheka, wengine walitutukana, mzee mmoja alisema tuna laana ya kuchezea maziko, na mwingine alisoma utepe akasema, "Loo, Harless huyu alikuwa rafiki wa babangu," akatembea nasi hadi jioni. Nilijaribu kuifunika taa kwa gunia, likaonekana gari la maiti lenye gunia. Verlie akaandika kwenye kipande cha boksi, kwa herufi kubwa, HAKUNA ALIYEKUFA, tukalifunga mbele ya boneti. Ndiyo wakazidi kusimama, wapate kusoma.

Siku ya tatu tulikuwa nyuma kwa nusu siku. Tulikula kwenye ukumbi wa kanisa moja la njiani, viazi na nyama ya kuku, na hapo nikachoka kuvumilia.

"Orpha, hatutafika Ijumaa saa sita. Hujui kuhesabu? Mahangaiko yote haya kwa sababu ya watu waliosimama dakika mbili! Waache wasimame, waende zao. Hatujamwambia mtu yeyote kwamba kuna maiti. Wamejidanganya wenyewe."

Wenzetu walikuwa wamevua viatu. Nilijua wapo upande wangu. Miguu yao ilikuwa imejaa malengelenge.

"Denzil," akasema, anamenya kiazi taratibu. "Kwa nini tunakwenda huko?"

"Kwa sababu ya makaburi."

"Tunakwenda kwa sababu kampuni imevaa nguo za bunge. Sauti ni ya kampuni, mkono ni wa kampuni, halafu inakuja kwetu inasema, mimi ni sheria, vueni kofia. Na sisi tukae na heshima ya msiba usio wetu, kwa kuwa imetufaa?"

"Si sawa. Kampuni inaiba. Sisi tumekosea gari."

"Siku ya kwanza tulikosea. Leo ni siku ya tatu." Akaweka kiazi chini. "Na mimi siku nikimzika mtu, nataka watu wasimame wakijua wanamsimamia nani. Nilipompeleka Dreama, malori yalisimama tangu darajani mpaka kwenye njia ya mlima. Hicho ndicho kitu pekee alichopewa mtoto yule na barabara hii. Sitakichezea."

Nilikwenda nje nikakaa garini, nimemkasirikia, na hasira yenyewe hainikai vizuri. Nilifikiria yote niliyoyanyamazia kwa kuwa yalinifaa. Si mambo ya kumsimulia mtu. Mke wangu Wanda, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi ni mpole. Sikuwa mpole. Nilikuwa naona vitu nikapita.

Asubuhi niliwaambia wasivuke barabara tena, watapoteza nguvu. Mimi nitatangulia na gari, nikiona mtu amesimama nishushe kioo niseme mwenyewe. Hakuna aliyekufa, bwana, ni maandamano ya kupinga kampuni inayotunga sheria. Nilitukanwa kwa lugha zote za milimani. Orpha akapita ananiangalia, akasema, "Angalau sasa una kazi."

Tulifika mji mkuu Ijumaa, saa sita na dakika ishirini.

Jengo la bunge lina kuba kubwa linalong'aa na ngazi ambazo ziliniua kabisa. Orpha alitangulia. Nilipofika juu, natafuta pumzi, alikuwa mbele ya meza ya karani, binti wa miaka thelathini hivi aliyevaa miwani.

"Orodha imefungwa saa sita, mama. Samahani."

"Nimetembea siku tano."

"Nimesikia, mama. Imefungwa."

Kupitia mlango wa kioo tuliona chumba. Viti vya mbele vimejaa wanaume wa suti, kila mmoja na faili la rangi moja. Wao walikuwa kwenye orodha tangu Jumatatu. Nilimgeukia Orpha, na hapa nasema ukweli wangu wote: nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nilitaka kumwambia, unaona sasa? Umemuuza mtoto wako kwa dakika ishirini. Alikuwa amesimama tu, gauni lina matope ya siku tano, na midomo inamtetemeka. Sijawahi kuiona ikitetemeka. Nikayameza, namshukuru Mungu hadi leo.

"Je, kukaa kwenye korido ni lazima mtu ajiandikishe?" akamuuliza karani.

"Hapana, mama. Korido ni ya wote."

Basi tukapanga mashada. Ishirini na saba, chini, ukutani, pande zote mbili, tepe zimegeuzwa ili zisomeke. Watu kumi na mmoja wakakaa katikati yake, migongo ukutani. Mbunge yeyote wa kamati ile aliyetaka kuingia alipita hapo. Wengine walipita wanaangalia simu.

Lowell Estep alipita wa mwisho, na akasimama. Kwanza alimwona Orpha, kisha akasoma utepe ulio karibu na kiatu chake, kisha mwingine. Ana miaka arobaini na kitu, tumbo limeanza, lakini mbele ya Orpha alirudi darasa la tatu nikimwona.

"Bi Orpha," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo, Lowell. Mswada huu uliuandika wewe?"

"Nimeuwasilisha mimi."

"Sikuuliza hivyo."

Akarekebisha tai. "Hapana. Sikuuandika."

"Umeusoma?"

Korido nzima ilisikia. Mwanamume mmoja wa suti alitoka chumbani akamshika Lowell kiwiko, "Mheshimiwa, tunakusubiri," lakini Lowell hakutembea. Uso ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Nimeupitia," akasema.

"Nakujua wewe. Ulikuwa unaniambia umekula mboga, na mboga ziko mfukoni." Hakuna aliyecheka, na yeye hakusema kwa kuchekesha. "Nenda kausome. Ukurasa kwa ukurasa. Mimi nitakaa hapa."

Akaenda. Hakuingia chumbani, aliingia ofisi ya pembeni akafunga mlango. Alikaa karibu saa nzima, watu wa suti wanagonga mlango. Alipotoka hakutuangalia, alipita moja kwa moja hadi ndani, na tukamwona kupitia kioo anasimama anasoma kitu kilichoandikwa kwa mkono.

Mswada ulipita. Nisiwadanganye. Siku hiyo ulipita kamati, na kabla ya mwezi kwisha ukawa sheria. Lakini Lowell aliongeza sentensi moja: kwamba kaburi halitaguswa mwaka ule ikiwa ndugu wa karibu wa marehemu, yaani mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, wa damu au wa ndoa, atafika yeye mwenyewe ofisi ya mwenye ardhi wiki ya kwanza ya Machi na kutia sahihi ya kukataa. Katika kurasa kumi na nne za sheria ile, hiyo peke yake haikuandikwa na kampuni.

"Ndicho nilichoweza, Bi Orpha," alimwambia pale mlangoni.

"Ni kidogo," Orpha akamjibu. "Lakini ni chako. Asante."

Mimi nilikuwa nachemka. Huo ni mtego, niliwaambia wenzangu. Kila mwaka! Wanasubiri tufe mmoja mmoja, makaburi yawaangukie yenyewe. Orpha alikuwa anakusanya mashada, anazihesabu tepe kwa kidole. Kisha akasimama na shada la Dreama. Alikuwa ameshaelewa. Hobert alikufa Ohio, ndugu wengine hakuna. Mtu wa kusaini kwa Dreama ni yeye tu.

"Basi sina ruhusa ya kufa," akasema.

Aliichukua kama kazi. Aliacha nyama ya nguruwe iliyokaangwa, ambayo kwetu ni sawa na kuacha kuongea. Aliacha chumvi. Kila asubuhi anatembea hadi darajani na kurudi, mvua, theluji, na ukimpita na gari ukampa lifti anakwambia, "Nenda zako, niko kazini." Tulikuwa tunamcheka. Na kila Machi nilimpeleka mimi ofisi ya Tarrick, maana na mimi nilikuwa na Ferrell wa kumsainia, na wazazi wangu. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunaitwa, tunasaini, tunarudi. Wenzetu wanapungua. Mwaka wa tano makaburi manne hayakuwa na mtu. Tarrick waliyahamisha Juni ile, kwa adabu zote, sijui wapi.

Mwaka huu Januari Orpha aliugua nimonia. Wiki tatu hospitalini. Nilikwenda kila siku, nikakaa pale nikimsikiliza akipumua kama ninavyopumua mimi, na kila akifumbua macho anauliza leo tarehe ngapi. Daktari alidhani amechanganyikiwa. Nilikuwa najua anahesabu siku za kufika Machi, na iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Alifika. Jumatatu ya kwanza ya Machi nilimpeleka, amejifunga mablanketi mawili. Tukasimamisha gari nje ya ofisi, na sikuzima injini.

"Orpha, nimezungumza na Verlie kuhusu ile sheria," nikasema. "Imesema wa damu au wa ndoa. Mzazi wa kambo anahesabiwa. Ukiwa na mume, mume anaweza kumsainia Dreama. Ukiumwa tena, siku ukishindwa kuja. Nimefikiri tu. Ni suala la karatasi."

Akajivutia blanketi la juu.

"Mapafu yako yatakutanguliza kabla yangu, Denzil."

"Huenda. Lakini tutakuwa wawili. Wawili ni bora kuliko mmoja."

"Unanioa kwa ajili ya sahihi?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya makaburi."

"Basi sitaki." Akaanza kufungua mlango. "Nilishakwambia kuhusu kuvaa nguo zisizo zako."

Nina miaka sabini na nane. Nimeshatoka kwenye mgodi ulioporomoka, na sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Nikamshika pindo la blanketi.

"Orpha, subiri. Karatasi ni kisingizio. Nakupenda, mama wee. Nimekupenda tangu ile barabara, nikiwa nimekukasirikia. Sikusema kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza, wewe unajua."

Akafunga mlango. Alinitazama vile anavyotazama mtoto aliyesema amekula mboga.

"Ungesema hivyo mwanzo," akasema. "Tumechoma mafuta bure."

Tulifungishwa ndoa Jumatano kwa karani wa wilaya, Verlie akiwa shahidi, Orpha bado anakohoa. Ijumaa, siku ya mwisho ya wiki ile, tukarudi ofisi ya Tarrick. Sahihi yake alikuwa ameshatia Jumatatu, lakini nilitaka na yangu iwemo tangu mwaka huu. Kijana wa kaunta alinisukumia fomu. Jina la marehemu: nikaandika Dreama Toler. Uhusiano na marehemu: hapo mkono ulisimama kidogo. Nilimkumbuka mtoto mwenyewe, mbishi, amevunjika meno mawili ya mbele kwa kuanguka, akinikimbilia pale dukani kuniomba peremende. Nikaandika, baba.

Orpha alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akanyoosha mkono, akanipokonya kalamu, na baada ya neno lile, kwa mwandiko wake mkubwa, ule wa ubao wa chakula pale jikoni shuleni, akaongeza: wa kambo. Kisha akanirudishia kalamu na kuacha kichwa chake pale begani, na mimi nikatia sahihi.